Maharage ya mama mkwe yanachemka saa tatu nzima, lakini naogopa kumlisha mjukuu

BARUA

Dada mshauri, salaam kutoka kaskazini-magharibi mwa Iowa.

Mimi ni mzaliwa wa Njombe, nimeolewa huku mwaka wa 31 sasa. Mume wangu analima mahindi na soya, na kazi nyingi ameshamwachia mwanetu mkubwa. Tuna wajukuu watatu. Wa kwanza ana miaka 10, wa mwisho miezi 7. Mama mkwe ana miaka 84 na anakaa nasi tangu mwaka juzi.

Bustani tunailima mimi na yeye. Kila Julai na Agosti tunasindika maharage machanga, nyanya, matango ya siki na jamu, tunapanga chupa kwenye rafu za besimenti na kula hadi theluji iyeyuke. Maharage anayachemsha ndani ya chupa zake kwa saa tatu nzima, kwenye lile sufuria kubwa la bluu la maji. Nyanya hatii kitu ila chumvi. Jamu anaifunika kwa nta iliyoyeyushwa.

Mwaka jana mkwe wangu, mke wa mwanangu, ambaye ni muuguzi, alisema watoto wake hawatakula tena maharage yale. Mama mkwe alinyamaza, na kwa siku mbili hakukaa nasi mezani. Mume wangu anasema wameyala miaka 50 na hakuna aliyeumwa. Mimi niko katikati. Wakati wa mavuno nawapelekea wanaume chakula shambani, na saladi ya maharage ya baridi ndiyo rahisi kubeba. Naipeleka pia kwenye chakula cha pamoja kanisani.

Mwanangu alininunulia sufuria kubwa ya presha ya kusindikia. Iko kwenye boksi tangu Krismasi. Nimesikia zinalipuka.

Naomba unieleze: maharage ya saa tatu ni hatari kweli? Chupa 38 zilizobaki nizifanye nini? Sufuria hii inatumikaje, hatua kwa hatua? Nyanya na jamu je? Na ningependa kuweka mchuzi wangu wa nyanya wenye vitunguu na pilipili, pamoja na mchicha. Halafu, mama mkwe nitamwambiaje? Yeye ndiye aliyenifundisha kila kitu nilipofika hapa sijui hata kuvaa viatu vya theluji. Ana upendo mwingi, hata kitukuu akilia humchovyea kidole kwenye asali anyonye.

Bibi wa wajukuu watatu, Iowa

JIBU

Dada, umeitaja asali mwishoni, lakini mimi naanza nayo. Iacheni leo. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 hapewi asali kabisa, hata ya kidole, hata iliyochanganywa kwenye uji. Asali inaweza kubeba spora za bakteria aitwaye *Clostridium botulinum*. Spora ni kama mbegu ngumu isiyokufa kirahisi. Tumbo la mtu mzima halizipi nafasi, bali utumbo wa mtoto mchanga bado haujakomaa, na spora zinaweza kuota humo na kutoa sumu. Akianza kufunga choo, kunyonya kwa unyonge, kulia kwa sauti dhaifu au kulegea shingo, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Akishatimiza mwaka, mama mkwe atamrambisha asali bila shaka yoyote.

Bakteria huyo huyo ndiye anayeyafanya maharage yenu kuwa hatari. Mkwe wako ana haki.

Maji yakishachemka hayapandi joto tena, uyaache saa moja au saa tatu. Usawa wa bahari yanachemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, na kwenu, kwa kuwa mko juu, yanachemka chini kidogo ya hapo. Spora hizi zinatoka kwenye udongo, na maharage yanaota karibu na udongo. Ili zife kwa muda wa kawaida wa kusindika, zinahitaji nyuzi 116 hadi 121, na joto hilo nyumbani linapatikana ndani ya mvuke uliobanwa kwa presha tu. Kuchemsha saa tatu kunaua vijidudu vingine vingi na kutoa hewa kwenye chupa, kisha spora zinabaki zenyewe mahali zinapopapenda: hakuna hewa, kuna unyevu, hakuna ukali wa ndimu wala siki, na besimenti haina baridi ya kutosha kuzizuia. Sumu inayotoka humo inaweza isiwe na harufu wala ladha. Kifuniko kinaweza kubaki kimeshika vizuri na maji ya chupa yakaonekana safi.

Mumeo hasemi uongo, na usimbishie kana kwamba anasema. Si kila chupa ina spora, na si kila spora inaota. Zaidi ya hayo, katika jikoni nyingi za zamani za mashambani huko, maharage ya chupa yalirudishwa jikoni na kuchemshwa na kipande cha nyama ya nguruwe ya moshi mpaka yalainike kabisa. Sumu yenyewe, tofauti na spora, inaharibika kwa kuchemshwa dakika 10 na zaidi, kwa hiyo chungu cha pili kilikuwa kinga ambayo huenda wapishi wengine hawakuijua. Sasa mnakula saladi ya baridi moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Desturi moja imebaki na nyingine imeondoka, na hilo ndilo linalonitia hofu kuliko yote katika barua yako.

Watu wa jimbo la Ohio walilipia jambo hili. Aprili 2015, mjini Lancaster, baada ya chakula cha pamoja cha kanisa, watu 29 waliugua botulizimu, yaani ugonjwa wa sumu hii, na mmoja akafariki. Chanzo kilikuwa saladi ya viazi vilivyosindikwa nyumbani kwa maji ya kuchemka bila presha. Aliyevileta alikuwa na nia njema kama yako.

Chupa 38

Usifungue hata moja. Usionje, usinuse. Usiseme utazichemsha dakika 10 kisha mle, kwa sababu kinga ile haikukusudiwa kuokoa chupa zilizosindikwa vibaya, na tone moja kwenye kidole au ubao wa kukatia linaweza kufika mdomoni kabla ya chungu kuchemka. Wala usiwamwagie kuku, nguruwe au mbwa, na usitupe kwenye mboji.

Zile ambazo bado zimeshika, ziweke zikiwa zimefungwa kwenye mifuko mizito ya taka, funga vizuri, zipelekwe jalala la kawaida. Usihurumie kioo.

Zinazovuja, zilizovimba kifuniko au zilizofunguka zinahitaji kuuliwa sumu kwanza. Vaa glavu. Zilaze kwa ubavu, pamoja na vifuniko vyake, kwenye sufuria kubwa, weka maji taratibu hadi yazipite kwa inchi 1, funika, chemsha dakika 30, acha zipoe, ndipo utupe vyote. Palipomwagika pamwagie dawa ya klorini ya kung'arisha nguo (bleach) isiyo na manukato, sehemu 1 kwa sehemu 5 za maji, ikae dakika 30 kabla ya kupangusa kwa karatasi za kutupa.

Kama kuna aliyekula karibuni, dalili kwa kawaida huja kati ya saa 12 na 36, lakini zinaweza kuchelewa siku kadhaa: kuona vitu viwiliviwili, kope kuanguka, mdomo kukauka, ulimi kuwa mzito, kushindwa kumeza, kisha mwili kulegea kuanzia juu kwenda chini. Hapo ni hospitali mara moja, na waambieni madaktari mapema kwamba alikula chakula cha chupa. Dawa ya kuzuia sumu ipo, ila haiondoi kilema kilichokwisha kuingia, inazuia kisizidi.

Sufuria ya presha

Hofu yako ina msingi, kwa hiyo ujue kinachosababisha ajali: tundu la mvuke lililoziba, maji yaliyokauka ndani, au mtu kulazimisha mfuniko ufunguke kabla presha haijaisha. Sufuria za siku hizi zina kizibo cha usalama kinachotoka chenyewe presha ikizidi, na nyingi zina kufuli isiyoachia mfuniko mpaka presha ishuke. Kila mara kabla ya kutumia, inua mfuniko uchungulie kupitia tundu la mvuke. Ukiuona mwanga, liko wazi. Kagua pia raba ya mfuniko kama imekauka au ina ufa.

Hakikisha ni sufuria ya kusindikia kweli, inayobeba angalau chupa 4 za kwati zikiwa zimesimama. (Kwati ni karibu lita moja, painti ni nusu yake.) Zile sufuria ndogo za umeme za kupikia wali na nyama zisitumike kwa kazi hii. Jiko lako likiwa la kioo bapa, soma kitabu chake kwanza. Mengine hayawezi uzito ule, na mengine hujizima yenyewe yakipata moto sana, presha ikashuka katikati ya kazi.

Sasa tazama juu ya mfuniko. Je, kuna geji yenye mshale, au kuna chuma kizito tu kinachotingishika? Jibu linabadilisha namba zako, na Iowa ni jimbo linalowapotosha watu hapo. Wengi hudhani ni tambarare tupu, lakini ardhi inapanda kutoka futi 480 kule Keokuk, kusini-mashariki, hadi futi 1,670 pale Hawkeye Point karibu na Sibley, upande wenu. Mstari wa futi 1,000 unapita ndani ya jimbo. Geji ya mshale: pauni 11 za presha hadi futi 2,000 juu ya usawa wa bahari. Chuma kizito: pauni 10 hadi futi 1,000, na juu ya hapo pauni 15. Kwa mtu wa kaskazini-magharibi mwa Iowa mwenye chuma kizito, maana yake karibu kila mara ni 15, hata kama mapishi ya binamu wa Keokuk yanasema 10.

Geji ya mshale ipimwe kila mwaka kabla ya msimu. Ikikosea kwa zaidi ya pauni 2, nunua mpya. Ofisi ya ugani ya Iowa State University ipo katika kila kaunti kati ya kaunti 99. Piga simu uulize ni lini na wapi wanapima. Uliza pia kama huduma yao ya simu iitwayo AnswerLine, ya kujibu maswali ya kusindika chakula, ingalipo.

Chupa 7 za kwati zinahitaji karibu pauni 14 za maharage. Chuma yale ambayo punje zake hazijavimba, yasindike siku hiyo hiyo. Osha kwa maji yanayotiririka, maana spora ziko kwenye vumbi, kata ncha, vunja vipande vya inchi 1. Chupa zioshwe na zikae kwenye maji ya moto; chupa baridi ikikutana na maji yanayochemka, kitako kinapasuka. Chupa za mayonezi zilizotoka dukani ziache kabisa.

Jaza maharage mabichi yakiwa yamebanana, weka chumvi kijiko 1 cha chai kwa kila kwati ukipenda (ni ya ladha tu, haihifadhi kitu), mimina maji yanayochemka, acha nafasi ya inchi 1 juu. Nafasi hiyo ipime kwa rula. Ikiwa ndogo, chakula kinapanda na kuchafua mdomo wa chupa, kifuniko hakishiki. Toa mapovu ya hewa kwa kijiti cha plastiki, ongeza maji yakipungua, pangusa mdomo wa chupa kwa kitambaa kisafi, weka kifuniko bapa kipya, kaza pete kwa ncha za vidole tu. Ukikaza kwa nguvu za mkono, hewa haipati pa kutokea na kifuniko kinapinda.

Weka maji ya moto ya inchi 2 hadi 3 kwenye sufuria, yenye nyuzi kama 60, panga chupa juu ya kitako chake cha chuma, funga mfuniko, tundu likiwa wazi bila kizito. Washa moto mkali. Mvuke ukianza kutoka kwa mkondo mmoja wenye nguvu, tazama saa: dakika 10 kamili ndipo uweke kizito. Wengi huiruka hatua hii. Hewa ikibaki ndani pamoja na mvuke, geji itasoma pauni 11 lakini joto litakuwa chini, na utakuwa umerudia kosa la sufuria la bluu kwa chombo cha bei ghali.

Presha ikifika, ndipo anza kuhesabu: painti dakika 20, kwati dakika 25. Usitoke jikoni. Ikishuka chini ya namba yako hata kidogo, ipandishe tena na uanze kuhesabu upya tangu mwanzo. Muda ukiisha zima moto uiache sufuria ipoe yenyewe. Usiimwagie maji baridi, usinyanyue kizito kwa haraka. Presha ikianguka ghafla, maji yanafyonzwa nje ya chupa. Geji ikisoma sifuri, toa kizito, subiri dakika 10 nyingine, fungua mfuniko ukiuelekeza mbali na uso wako.

Weka chupa juu ya taulo, ziachane kwa inchi 1, mbali na upepo, saa 12 hadi 24. Usikaze pete tena. Kisha bonyeza katikati ya kifuniko: kikidunda, hakikushika. Chupa hiyo iende kwenye friji, au ndani ya saa 24 uisindike upya kwa kifuniko kipya na muda wote kamili. Chupa iliyopoteza maji kidogo lakini imeshika ni salama, ingawa maharage ya juu yatageuka kahawia. Iliyopoteza nusu, iweke kwenye friji na iliwe ndani ya siku 2 au 3. Toa pete, osha chupa, weka lebo, na yaliwe ndani ya mwaka mmoja.

Mara ya kwanza kabisa fanya yote haya kwa maji matupu, bila chupa, kwa dakika chache tu. Sikiliza sauti zake, jifunze jiko lako linashika pauni zako kwenye alama ipi. Hofu nyingi zitaishia hapo.

Nyanya, jamu na mengine

Nyanya ziko mpakani. Kizuizi cha bakteria huyu ni pH ya 4.6 (pH ni kipimo cha ukali; namba ikishuka, ukali unapanda), chini ya hapo haoti, na nyanya nyingine, hasa zilizoiva mno, zinapita juu. Tia juisi ya limau ya chupa ya dukani, vijiko 2 vya chakula kwa kwati au 1 kwa painti, moja kwa moja ndani ya chupa. Limau la kukamua mwenyewe lisitumike hapa kwa sababu ukali wake haulingani. Sukari kidogo itapunguza uchachu. Nyanya zilizopondwa na kuchemshwa, kwa urefu wenu wa juu ya futi 1,000, zikae kwenye maji yanayochemka dakika 40 kwa painti na 50 kwa kwati. Sufuria la bluu, basi, lina kazi bado. Zile ulizookota kwenye mashina yaliyouawa na baridi usisindike.

Jamu yenye nta haitawaua, ila nta inaacha upenyo na ukungu unaingia. Tumieni vifuniko, nafasi ya robo inchi, na dakika 10 za maji yanayochemka. Kwa urefu wenu ongezeni 5.

Mchuzi wako wa nyanya, vitunguu na pilipili nakushauri uugandishe. Vitunguu na pilipili vinapunguza ukali wa nyanya, na hakuna muda uliopimwa kwa mapishi yako ya Njombe. Poza, jaza vyombo bapa vya plastiki, acha nafasi ya kutanuka, tia kwenye friza. Mchicha vivyo hivyo: utumbukize kwenye maji yanayochemka dakika 2, uutoe upesi kwenye maji ya barafu, uukamue, ufunge. Umeme ukikatika kwa dhoruba ya barafu, friza iliyojaa isipofunguliwa inashika baridi karibu siku 2, iliyojaa nusu siku 1.

Mama mkwe

Maneno ya kwanza ayaseme mumeo. Ni mama yake. Likitoka kwako litakuwa la mkwe, na likitoka kwa muuguzi litakuwa la mkwe wa pili. Aseme faragha, kabla ya chupa kuguswa, na aseme wazi kuwa maharage yanabadilishwa njia na yale 38 yanaondoka. Msiyatoe usiku kwa siri. Ataziona rafu tupu, na siri itamuumiza kuliko habari yenyewe.

Pale besimenti kulikuwa na miaka 50 ya kazi yake, na kunyamaza kwake siku mbili nakuelewa hivyo. Kwa hiyo asipokonywe jiko. Matango ya siki yabaki mikononi mwake, mradi siki ni ya dukani yenye ukali wa asilimia 5 na haipunguzwi kuliko kipimo cha mapishi yaliyojaribiwa. Jamu ni yake. Kuchagua maharage yapi yavunwe leo na yapi yasubiri kesho, jicho lake linakushinda wewe na mimi.

Halafu kuna yule mjukuu wa miaka 10. Iowa inawapokea watoto wa 4-H, chama cha vijana cha kujifunza kazi za mikono na shamba, kuanzia darasa la 4, na kusindika chakula ni moja ya kazi wanazopeleka kwenye maonyesho ya kaunti. Maonyesho mengi yanadai lebo yenye jina la chakula, tarehe, njia iliyotumika na dakika zake. Mpe mtoto geji na saa, mpe bibi yake mkuu bakuli la kuvunjia maharage na kiti karibu na jiko, na lebo ya kwanza iandikwe na hao wawili: maharage machanga, tarehe, presha, pauni, dakika 25.